Pumzi ya Kuazima

Alizaliwa saa tano usiku, wiki tatu kabla ya siku zake,
Molo, mwezi wa Julai, baridi ikitafuna vidole vya miguu
na ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi
kama mlevi aliyekataa kwenda kwake.

Alitoka mzima, miguu mirefu kuliko akili,
akalala.
Zabibu akamlamba, akamsukuma kwa pua, akamlamba tena.
Nikaufunua ufizi wake kwa kidole gumba:
haukuwa mwekundu, haukuwa mweupe,
ulikuwa rangi ya wino uliomwagikiwa maji.
Mbavu zikipanda, zikishuka, mbiombio,
kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni
na nyuma yake mbwa wanakuja.

Daktari Nyakio alifika kwa pikipiki, matope hadi magotini.
Akasikiliza kifua. Akasikiliza upande wa pili.
"Mtungi wa oksijeni uko wapi?"
Kana kwamba saisi huuweka chini ya kitanda.

Ulikuwepo mmoja tu kilimani kote,
zahanati, nyuma ya pazia la kijani.
Sista Jerotich alifungua dirisha, si mlango.
Nikasema: mtoto. Hakuuliza wa nani.
Nikaona haya, nikasema: wa farasi.
Akanitazama muda wa kuchemsha chai.
"Kuna mama wa kule Turi, mimba ya kwanza, ana uchungu tangu jioni.
Nikikupigia simu, unauchomoa.
Hata kama kimeanza kusimama, unauchomoa."
Nikaapa.

Punda akauvuta mtungi kwa mkokoteni,
asijue anampelekea binamu yake pumzi.

Daktari aliupima mrija kwanza,
kutoka tundu la pua hadi kona ya jicho,
akatia alama ya kalamu, akauingiza polepole, akaubana kwa plasta.
Chupa ya maji ikaanza kutoa mapovu
kama uji unaojifikiria.
"Lita tano kwa dakika. Na mkalishe kifua chini, asilale ubavu;
pafu likilaliwa halipati kitu."
Nikakaa nyuma yake, magoti yangu yakawa ukuta.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Juu ya pumzi hawakusema neno.

Tukamkamua Zabibu dang'a, nzito, ya manjano,
tukaipitisha kwa mrija mwingine, kikombe baada ya kikombe.
Simu juu ya ndoo, sauti imepandishwa hadi mwisho.
Mshale wa geji ukishuka.
Nilitazama vitu viwili usiku ule, vyote nikiviogopa.

Saa kumi na dakika kumi, simu ikalia.
Mkono wangu ulifika kwenye mrija kabla ya kufika kwenye simu.
Ilikuwa kampuni: nimeshinda dakika tatu za bure,
nizitumie kabla ya saa sita usiku.
Daktari alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kushika plasta.
Nilikuwa ningeing'oa.

Lita nne. Baadaye tatu.
Karibu na mapambazuko ufizi ukawa kama ndani ya pera,
na yeye mwenyewe akapiga chafya, akautema mrija wote,
akasimama, akaanguka, akasimama
miguu ikielekea kaunti nne tofauti.
Zabibu akatoa sauti ya chini, ya tumboni,
ambayo miaka kumi na minane ya kazi hii sijawahi kuizoea.

Nikaurudisha mtungi ukiwa na robo, na majani makavu kwenye koki.
Sista alikuwa akinawa mikono.
Mama wa Turi amepata msichana;
amelia mwenyewe, bila kuombwa.

Akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka:
mtoto mchanga, wa kiume, kilo arobaini na tatu.
Akasita kwenye jina la mama.
"Zabibu," nikasema. Akaandika.
"Baba?"
Nikamwambia alikuja na lori kutoka Gilgil, akarudi siku hiyohiyo.
Akaandika: hayupo.